Boti ya faiba iliyofufuliwa: namna ya kuikagua kabla ya kulipa

Ziwa Nzilo, kaskazini mwa Kolwezi, ni zao la bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1952, enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, likiitwa Delcommune. Ukitaka boti ya faiba ya kuelea huko, huenda ukauziwa kuukuu iliyokwisha kupita mikononi mwa fundi. Rangi itang'aa. Usiitazame.

Anza nyuma, kwenye ubao wa tezi unaobeba injini. Nje ni faiba, ndani ni plaiwudi, na maji hupenyea matundu ya bolti. Shika mguu wa injini, uinue na kuushusha huku jicho liko kwenye tezi. Tezi ikinesa, shuku mbao, hata kama ganda linaonekana zima. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi, toka juu kushuka. Mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu. Iliyooza, au iliyoachana na faiba, hutoa sauti ya kufa. Ukibaki na shaka, omba kutoboa kitundu cha milimita 5 kwa ndani, chini karibu na sakafu, bila kufikia ganda la nje. Unga ukitoka mkavu, wenye rangi ya mbao, vyema. Ukitoka mweusi, umelowa na kunuka uvundo, basi fundi alifunika uozo.

Fundi anayejua kazi hazibi juu juu. Hukata ganda la ndani, akatoa mbao mpaka afike palipo pakavu, akaweka plaiwudi mpya ya kuhimili maji na kuinywesha epoksi hadi kwenye kingo. Matundu ya bolti huyatoboa makubwa kuliko yanavyotakiwa, huyajaza epoksi, kisha hutoboa upya katikati, ili bolti isiguse mbao kamwe. Nikikuta tundu la namna hiyo, nusu ya bei nimekwisha kuikubali: hiyo ni kazi ambayo hakuna mnunuzi angeiona.

Nyufa nazo si za aina moja. Zile nyembamba kama utando wa buibui mara nyingi zimeishia kwenye jelikoti, ngozi ya juu, na hazizamishi mtu. Ila zikijikusanya kando ya nguzo au pembe, hapo pananesa na chanzo hakijatibiwa. Ufa uliofika kwenye nyuzi unadai kingo zichongwe mteremko wa 12 kwa 1: ganda la milimita 5 lipate milimita 60 kila upande, ndipo faiba ipangwe tabaka juu ya tabaka. Mafundi wa bodi za magari wana mikono mizuri sana, lakini mastiki ya gari haina nyuzi wala nguvu, mawimbi huipasua. Ingia ndani ya boti, upapase nyuma ya ufa. Nje pakiwa laini na ndani ufa ungalipo, umeuziwa mastiki.

Uliza pia kazi ilifanyika mwezi gani. Usiku wa Juni na Julai huku juu una baridi kali, na rezini ya polista chini ya nyuzijoto 15 hukawia kukauka au hubaki laini. Septemba, kabla ya mvua, ni mwezi mwema. Rezini inayonata kidoleni wiki kadhaa baadaye haitapona kwa kusubiri, ikwanguliwe.

Muuzaji akikukatalia hata kitundu cha milimita 5, mwachie boti yake.