Taji Lisilo Lake

Wakusanyaji wa noti za kale huitambua kwa mbali: dola 5 ya Marekani, toleo la 1899. Ni pana kuliko noti za leo, kwa kuwa Marekani ilizipunguza ukubwa mwaka 1929. Ina muhuri wa bluu, na katikati yupo mzee aliyevaa taji refu la manyoya. Ni hati ya fedha, na hapa fedha ni madini yenyewe.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikizichungulia picha zake kwenye katalogi za minada. Mwaka huo wa 1899 unadanganya, maana noti ziliendelea kuchapwa hadi miaka ya 1920. Umri wake husomwa kwenye sahihi mbili: Lyons na Roberts ni wa mwanzo, Speelman na White wa mwisho. Kisha inamulikwa. Tundu la pini, mkunjo wa katikati, ukingo uliopunguzwa kwa mkasi, karatasi iliyooshwa na kupigwa pasi ili ionekane mpya, vyote hushusha bei. Alama huishia 70, na zinazoikaribia 70 ni zile ambazo pengine hazikuwahi kununua hata mkate. Nakiri makini hii inanivutia. Natamani wahariri wangu wangenisoma hivyo.

Lakini macho hayohayo yanamwita mzee huyu "Onepapa", jina lililovurugwa la Hunkpapa, tawi la Walakota. Yeye ni Running Antelope. Alexander Gardner alimpiga picha mwaka 1872, akiwa na manyoya machache tu yaliyosimama kichwani. Yalikuwa marefu mno kwa nafasi iliyotengwa kwenye noti, hivyo akachongwa na taji la vita ambalo hakulivaa siku ile. Wengi husimulia kuwa lilikuwa la Wapawnee, mahasimu wa watu wake.

Wauzaji wengi wanakijua kisa hiki. Hukiweka chini ya picha kama kionjo, nacho huipa noti mvuto zaidi kwa mnunuzi. Juzi nilisoma maelezo ya noti yenye alama 66: rangi imekolea, kingo zimelingana, karatasi bado kakamavu, haina dosari. Ningekuwa mimi ndiye mwandishi wa maelezo yale, dosari ya kwanza ningeiandika kichwani pake.