Makengeza kwa Kipimo cha Milimita

Mtoto amelala kwa nusukaputi, uso umefunikwa, limebaki wazi jicho moja. Jicho huzungushwa na misuli sita. Kazi ya leo ni kulegeza ule wa upande wa pua, unaolivuta ndani kupita kiasi.

Daktari anachana utando laini chini kabisa, mahali ambapo kope la chini litaficha kovu, njia iliyoenezwa na Mmarekani Marshall Parks. Kulabu ndogo inapita chini ya msuli kwa kuhisi tu. Ukivutwa kwa pupa, mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla. Kwa hiyo anavuta taratibu, na mtu wa nusukaputi haondoi macho kwenye mashine.

Uzi unaoyeyuka mwilini unapitishwa ndani ya msuli, karibu na unaposhika jicho, na kufungwa kila pembe. Ndipo mkasi unapokata. Bikari inapima milimita 5 nyuma ya mshiko wa zamani. Hapa ndipo pa kutazama: ukuta wa jicho nyuma ya msuli una unene wa milimita 0.3 hivi. Sindano yenye ncha bapa inalazwa na kusukumwa ndani ya unene huohuo, ncha ikionekana kupitia weupe njia nzima. Isipoonekana, imezama mno.

Mwaka 1839, mjini Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach aliukata msuli na kuuachia. Mengi ya macho yaliyokatwa hivyo baadaye yalikimbilia upande wa pili. Tofauti yote iko kwenye kushona upya.

Msuli dhaifu, kinyume chake, hufupishwa. Wapo wanaokata kipande na kuunganisha. Wengine huukunja tu na kuushona, kama fundi cherehani anavyopunguza kiuno cha suruali bila kugusa mkasi. Binafsi nauhusudu mkunjo: mishipa ya damu inayopita kwenye msuli kulisha sehemu ya mbele ya jicho inaweza kusalimika, na katika siku za mwanzo mkunjo unaweza kufumuliwa.

Kwa mtu mzima kuna njia ya kungoja. Fundo linaachwa la kulegezeka. Usingizi ukishamtoka, anakalishwa, anaambiwa atazame mbali. Daktari anaziba jicho hili, kisha lile, anavuta uzi kidogo, anaziba tena. Macho yakitulia, anakaza fundo na kukata ncha.