Kungoja na Kumngoja: Tamthilia ya Beckett, Kiswahili na Mti wa Pwani ya Kusini

Tamthilia ya Samuel Beckett, En attendant Godot, iliandikwa kwa Kifaransa kati ya Oktoba 1948 na Januari 1949, ikachapishwa mwaka 1952, na kuigizwa kwa mara ya kwanza tarehe 5 Januari 1953 katika ukumbi wa Babylone jijini Paris, chini ya uongozi wa Roger Blin. Mwandishi wake alikuwa Mwailandi aliyeamua kuiweka kando lugha yake ya kwanza, na tafsiri ya Kiingereza aliifanya mwenyewe baadaye. Tangu awali, basi, hii ni kazi ya mtu anayesema kwa lugha ya kuazima. Hilo lapasa kukumbukwa na yeyote anayeuliza iwapo inafaa kusemwa kwa Kiswahili.

Makala haya hayanuii kurudia mjadala wa kama Mwafrika ana haja ya "ubwege". Istilahi hiyo, inayotumiwa na wahakiki wetu kwa mkondo uliopewa jina na kitabu cha Martin Esslin cha mwaka 1961, imekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa, maana bwege ni mjinga anayedanganyika upesi. Swali letu ni jingine. Tamthilia hii yahitaji utupu: njia isiyo na jina, mti mmoja, jioni, na watu wawili wanaomngoja mtu asiyekuja. Je, Kiswahili, na hasa Kiswahili kinaposemwa jukwaani katika ukanda wa Kwale, kutoka Diani hadi Msambweni, kinao utupu wa kutosha? Tunadai kwamba ugumu wa tafsiri hii haumo katika ugeni wa fikra zake. Umo katika wingi wa maana ambazo lugha yetu na mahali petu huzimimina ndani ya chombo kilichokusudiwa kibaki kitupu.

Yafaa kwanza kuangalia yaliyotukia kwingineko. Tarehe 19 Novemba 1957 tamthilia hii iliigizwa mbele ya wafungwa wa gereza la San Quentin, California, nao waliielewa upesi kuliko watazamaji wengi wa mijini. Mwaka 1980, katika ukumbi wa Baxter jijini Cape Town, John Kani na Winston Ntshona waliigiza Vladimir na Estragon, na katika Afrika Kusini ya wakati ule hakuna aliyeuliza watu hao wanangoja nini. Mwaka 1993 Susan Sontag aliiongoza mjini Sarajevo wakati mji umezingirwa. Mwaka 2007 Paul Chan aliipeleka New Orleans, katika mitaa iliyobomolewa na mafuriko. Kila mahali watazamaji walimpa Godot jina: uhuru, haki, msaada, serikali. Lakini ni muhimu kutofautisha. Katika maonyesho hayo ni watazamaji waliojaza pengo. Matini yenyewe ilibaki karibu kama ilivyo. Sarajevo ndiyo iliyokwenda mbali zaidi, kwa kuwa Sontag aliigiza sehemu ya kwanza tu, na jambo hilo, kwa maoni yetu, lilibadili tamthilia. Kungoja mara moja bado ni matumaini. Ni sehemu ya pili, siku inapojirudia, inayotuonyesha kwamba huenda siku hizo hazina idadi.

Katika Kiswahili hatari iko mapema zaidi. Lugha hujaza pengo kabla ya mtazamaji kuketi. Anza na kitenzi cha anwani. Tunavyo angalau vitatu: kusubiri, kutarajia, kungoja. Nyerere alipoiita tafsiri yake ya mwaka 1969 Mabepari wa Venisi, alitoa tafsiri na uhakiki kwa neno moja. Mfanyabiashara wa Shakespeare akawa tabaka zima. Anwani ya Beckett ina mtego kama huo. Kusubiri kuna subira ndani yake, na subira kwa Mswahili si hali ya kukaa tu. Ni fadhila yenye malipo. Anayesubiri ameahidiwa heri, methali inasema hivyo. Kutarajia nako kumebeba rajua. Ukichagua chochote kati ya viwili hivyo, Godot amekwisha kukaribia kufika. Kungoja peke yake hakuahidi kitu. Watu hungoja feri Likoni, hungoja zamu hospitalini, hungoja mvua; kitenzi hakisemi kama kuna jema mwishoni. Ni neno lililo maskini kuliko wenzake, na umaskini huo ndio unaotakiwa.

Hata hivyo kazi haijaisha, kwani sarufi inaleta swali ambalo Kifaransa na Kiingereza hayakuwahi kuliuliza. Je, tuseme Kungoja Godot au Kumngoja Godot? Kiswahili humtaka mtendwa aliye mtu aonekane ndani ya kitenzi. Kumngoja Godot ni kukiri, kwa silabi moja, kwamba yuko mtu. Kungoja Godot, bila kiambishi, kunamtoa katika ngeli ya watu na kumweka pamoja na mvua, mshahara na hati ya shamba. Mtu wa Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988, au mkulima wa Kwale anayeishi miaka mingi kwenye ardhi asiyo na hati yake, ataielewa anwani hiyo ya pili bila maelezo. Sisi tunapendekeza anwani iwe Kungoja Godot, na wahusika wenyewe waseme "tunamngoja" tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo wahusika wataamini kiambishi ambacho anwani imekikataa. Tena neno hilo moja, "tunamngoja", linabeba wangojaji, wakati, mngojewa na kitendo chenyewe, hata jina la Godot lisipotajwa. Hapa Kiswahili kinampa Beckett kitu ambacho Kifaransa hakikuwa nacho. Mtu asiyekuwapo anasikika mara kadhaa katika kila ukurasa kama herufi moja tu.

Jinsia ni suala dogo, lakini lina uzito wake. Viambishi vyetu havisemi kama Godot ni mume au mke. Mwaka 1988 Beckett alikwenda mahakamani nchini Uholanzi kujaribu kuzuia maonyesho ya waigizaji wa kike, akashindwa. Kwa Kiswahili kesi ingekuwa ngumu zaidi kwake, walau kuhusu Godot. Kinachomfunua ni cheo anachopewa na mtoto mjumbe, na ndevu zake zinazotajwa karibu na mwisho. Cheo hicho ni mtego. "Bwana Godot" ni tafsiri ya kawaida ya Monsieur, lakini Bwana kwa Wakristo ni Mwenyezi, kwa wazee wa zama za ukoloni ni mzungu mwenye shamba, na nyumbani ni mume. Wahakiki wa Kiingereza wamezozana miaka mingi kuhusu jina la Mungu lililojificha ndani ya Godot, jambo ambalo Beckett mwenyewe alilikana. Mfasiri wetu akiandika "Bwana" ameurudisha mzozo huo kwa mlango wa mbele. "Mzee Godot" ni afadhali: yatoa heshima na umri, na haidai zaidi. Mtoto naye, akiwa mtoto wa Pwani, hawezi kuingia bila kutoa shikamoo. Na marahaba ikitolewa, uhusiano umekwisha kufungwa. Kesho yake anapodai hajawahi kumwona Vladimir, kosa linakuwa zito kuliko katika Kifaransa, kwani ameikana salamu aliyoitoa. Tungeiacha shikamoo hiyo ibaki. Ni mahali pachache ambapo ujazo wa utamaduni unaumiza zaidi badala ya kufariji.

Suala la dini linahitaji uamuzi wa aina nyingine. Vladimir anasumbuliwa na habari ya wezi wawili waliosulubiwa pamoja na Yesu, na jinsi ambavyo ni Injili moja kati ya nne inayosema mmoja wao aliokolewa. Watazamaji wa Msambweni wengi ni Waislamu, na kwao tukio lenyewe la Yesu kusulubiwa limekanushwa katika Kurani. Mfasiri atashawishika kutafuta kisa mbadala. Asifanye hivyo. Shaka ya Vladimir ni kuhusu ushahidi, na mtazamaji asiyeikubali habari yenyewe atakuwa ameitangulia shaka hiyo kwa hatua moja.

Tufike kwenye mti. Wa kwanza kumjia mtu yeyote anayeijua Kwale ni mbuyu, na sababu za kijukwaa ni nzuri: mbuyu hukaa bila majani sehemu kubwa ya mwaka, na huyatoa mvua zikaribiapo, kama ulivyo mti wa Beckett unaokutwa na majani machache katika sehemu ya pili. Lakini mbuyu una wenyewe. Katika nchi ya kaya za Kinondo, Diani na Waa, miti mikubwa haisimami bure; watu huuhusisha mbuyu na mizimu na pepo. Isitoshe, katika fasihi yetu umekwisha kukaliwa. Ebrahim Hussein aliuweka kwenye jukwaa la Mashetani mwaka 1971, Shetani na Binadamu wakikabiliana, na hakuna msomaji wa tamthilia ya Kiswahili atakayewaona watu wawili chini ya mbuyu bila kumngojea Shetani atokeze. Watazamaji watakuwa wanamngoja mwingine. Kwa Hussein hilo ni nguvu, kwa kuwa historia yote ya unyonyaji imo ndani ya shina lile; kwa Beckett ni uharibifu.

Tunapendekeza mkungu. Ni mti wa kawaida mbele ya nyumba na maduka ya Pwani, majani yake huwa mekundu, hupukutika, kisha machipukizi hutokea upesi. Hauna hekaya nzito. Watoto huokota kungu chini yake, basi. Na wawili wale wanapofikiria kujinyonga, tawi lake linatosha kuwafanya wasite, jambo ambalo unene wa mbuyu ungelifanya kichekesho cha aina nyingine kabisa.

Kamba iliyo shingoni mwa Lucky hatuwezi kuitendea hivyo. Kusini kidogo mwa Msambweni yapo mapango ya Shimoni, ambayo masimulizi ya wenyeji yanayataja kuwa yalitumiwa kuwazuilia watumwa. Mwigizaji akiingia akivutwa kwa kamba katika ukumbi wowote wa ukanda huu, maana imekwisha kufika kabla yake. Hakuna kisawe cha kamba kisicho na historia, na ni heri kukubali hasara hiyo kuliko kuificha.

Wapo waliokwepa tatizo kwa kutotafsiri. Robert Serumaga wa Uganda, katika Majangwa, aliwaweka mume na mke kando ya barabara. Said Ahmed Mohamed, katika Amezidi (1995), aliligawa neno moja likawa wahusika wawili, Ame na Zidi, akawaweka pangoni wakiota na kutegemea vya wengine. Ni kazi ya kijasiri. Hata hivyo utupu wake una anwani: ni uchumi wa nchi zinazoishi kwa misaada, na msomaji makini humaliza akijua nani alaumiwe. Hatusemi hilo ni dosari. Twasema tu kwamba Amezidi haiwezi kuhesabiwa kuwa badala ya tafsiri.

Kikwazo kikubwa zaidi kimo katika mazingira ya maonyesho, na hapo sisi wahakiki tuna sehemu yetu. Diani majukwaa mengi yako hotelini, ambako ngoma hufuata chakula cha jioni. Msambweni jukwaa ni bwalo la shule, na vikundi vinavyozunguka huigiza vitabu teule kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani. Mtihani huuliza maudhui, dhamira, ujumbe. Tumewafunza walimu, nao wamewafunza wanafunzi, kwamba kazi isiyo na ujumbe haijakamilika. Godot akiigizwa katika bwalo lile, twatarajia mwigizaji mmoja kusogea mbele mwishoni na kueleza kwamba vijana wasikae bure wakingoja kazi. Mfasiri hawezi kumzuia kwa maneno yaliyomo kitabuni. Anachoweza ni kuandika dibaji isiyotoa ujumbe, na kuhakikisha kwamba wahusika wanapoafikiana kuondoka kisha wasiondoke, maelekezo ya jukwaa yamewekwa wazi kiasi cha kutoacha nafasi ya mtu kusogea.

Imebaki hotuba ya Lucky, ule mmiminiko wa maneno ya kitaalamu yasiyo na kituo. Baadhi watafikiria hotuba za wanasiasa au mawaidha ya mihadhara. Lakini Beckett aliwadhihaki wasomi, na Kiswahili cha kisomi kipo tayari katika majarida kama hili. Mwigizaji wa Msambweni atahitaji pumzi tu. Msamiati tumekwisha kumwandalia, kuanzia "muktadha" hadi "udhanaishi".