Kukamilisha si Kukabidhi: Uhakiki wa Istilahi za Uchakataji wa Data kwa Kuzingatia Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyoitaja hatua ya mwisho ya kazi ya kompyuta iliyogawanywa kwa mashine nyingi, yaani hatua ambayo matokeo ya muda hugeuzwa kuwa matokeo rasmi. Hoja inayotetewa ni kwamba kitenzi *kukamilisha* kinaficha tofauti ambayo mifumo hiyo imejengwa ili kuilinda. Maneno *kipande*, *jaribio*, *kukabidhi* na *kutangua* yanapendekezwa, na udhaifu wake unajadiliwa kwa kumzingatia msomaji wa Arua na Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda.

Utangulizi

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutumika Uganda mwaka 2020 uliingiza Kiswahili katika masomo ya lazima ya madarasa ya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi. Kwa hiyo swali la Arua na Koboko si tena iwapo Kiswahili kitafundishwa, bali ni iwapo kitaweza kufundishia. Eneo hili si geni kwa lugha hii. Wanaume wa West Nile waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na Koboko inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudani Kusini, mahali ambapo Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili hukutana katika biashara ya siku moja. Lakini Kiswahili hicho ni cha amri na cha bei. Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa Arua mwaka 2013 kwa mkazo mkubwa wa teknolojia ya habari, hufundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayetaka kumweleza ndugu yake wa sekondari alichosoma hukosa maneno mapema mno.

Neno moja kati ya hayo ni kitenzi cha Kiingereza *commit*. Kamusi za kawaida humpa mfasiri kutenda kosa, kuahidi, kujifunga na kukabidhi. Tafsiri za mashine hupenda kujitolea, na hivyo kuifanya kompyuta ionekane kana kwamba imejiunga na kikundi cha hisani. Watafsiri makini hukimbilia *kukamilisha* au *kuthibitisha*. Hao makini ndio wanaostahili kuhakikiwa, kwa sababu kosa lao halichekeshi na kwa hiyo halionekani.

Jambo lenyewe

Mwaka 2004 Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google walichapisha maelezo ya MapReduce, mtindo wa kuigawa kazi moja kubwa katika sehemu ndogo zinazofanywa na mashine nyingi kwa wakati mmoja. Hadoop, na baadaye Spark, ilieneza mtindo huo duniani. Ugumu wake ni kwamba mashine hufa, na nyingine huchelewa. Msimamizi wa kazi akiona sehemu fulani inasuasua, huanzisha jaribio la pili la sehemu ileile kwenye mashine nyingine. Hapo majaribio mawili yanapiga hesabu moja, na yote mawili yanaweza kufika mwisho.

Hadoop hulitatua tatizo hili kwa adabu ya kusubiri. Kila jaribio huandika matokeo yake katika folda ya muda. Likishamaliza, haliyapeleki matokeo popote, bali humwomba msimamizi ruhusa. Msimamizi humruhusu mmoja tu. Mwingine hutanguliwa na folda yake hufutwa. Sehemu zote zikishapata ruhusa na kuhamishwa, ndipo kazi nzima hupitia hatua yake ya mwisho: faili huhamishiwa folda ya wazi, na faili tupu lenye jina _SUCCESS huwekwa humo kumjulisha msomaji kuwa sasa anaweza kusoma. Baina ya kumaliza na kuruhusiwa pana hali yenye jina lake rasmi katika mfumo: jaribio limekwisha kupiga hesabu, lakini linangoja.

Hali hiyo inatosha kukiangusha kitenzi *kukamilisha*. Jaribio linalongoja limekamilisha kila kitu lililopewa, na bado matokeo yake si matokeo. Hata jaribio litakalotanguliwa lilikamilisha. Mwalimu akisema kwamba sehemu imekamilika, mwanafunzi hawezi kujua ni upande upi wa ruhusa unaosemwa, na swali zima la somo linahusu upande huo. *Kuthibitisha* kuna dosari nyingine. Kunadokeza kwamba mtu ameyakagua matokeo na kuyaona sahihi, ilhali msimamizi wa Hadoop hakagui chochote. Huamua tu nani apite. Matokeo yenye makosa hupita sawasawa na yaliyo sahihi.

Hesabu ya mwaka 2018

West Nile inao mfano wake wa gharama ya kuchanganya kukamilika na kukubaliwa. Kati ya Machi na Oktoba 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) zilihakiki upya wakimbizi wa nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho. Rhino Camp na Imvepi, zilizokuwa wakati huo katika wilaya ya Arua, pamoja na Lobule ya Koboko, zilikuwa miongoni mwa makazi yaliyohusika. Idadi iliyokuwa ikitajwa kabla ya hapo ilikuwa takriban milioni 1.4, waliohakikiwa walikuwa takriban milioni 1.1. Tofauti hiyo haina sababu moja, kwani wapo walioondoka na wapo walioandikishwa zaidi ya mara moja. Lakini kila orodha ya awali ilikuwa imekamilika kwa maana ya kawaida ya neno hilo: karani alijaza, akafunga daftari, akaenda nyumbani. Chakula na mahema yalipangwa kwa orodha hizo.

Ulinganisho huu usivutwe mbali. Alama ya kidole humtambua mtu, hivyo uhakiki wa 2018 ulikagua kilichomo. Ruhusa ya Hadoop hutambua namba ya sehemu tu. Kinachofanana ni jambo dogo zaidi, na ndilo linalohitajika hapa: kumaliza kuandika ni tendo moja, na kuingizwa katika hesabu inayotumika ni tendo jingine, lenye mamlaka yake.

Kipande na kukabidhi

Kabla ya kitenzi kuna tatizo la nomino. Kiswahili husema *kazi* kwa shughuli nzima, na *kazi* kwa sehemu yake. *Jukumu*, linalopendelewa na baadhi ya wanaistilahi, humhusu mtu na wajibu wake, si kiasi cha kazi. Neno linalofaa liko tayari katika historia ya vibarua wa Afrika Mashariki: *kipande*. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku haikuhesabiwa mpaka iwekwe alama. Kibarua aliyemaliza sehemu aliyopimiwa lakini kadi yake haikuguswa alikuwa amefanya kazi bila kuwa na siku. Ni vigumu kupata maelezo bora zaidi ya jaribio linalongoja ruhusa. West Nile, iliyofanywa hifadhi ya vibarua wa mashamba ya kusini mwa Uganda enzi za ukoloni, haihitaji kuelezwa maana ya kupimiwa kazi. Hata leo *lejaleja*, kibarua cha siku katika mashamba ya watu, ni neno la kila siku huko.

Pingamizi zipo, na moja ni nzito. Nchini Kenya kipande kilikuwa cheti alichovishwa Mwafrika shingoni, na jeraha hilo halijapona. Nchini Uganda, aliyezoea Kiganda atasikia kwanza *ebipande*, mabango yanayobandikwa kutani. Pingamizi la pili huondoka kwa sentensi moja ya mwalimu. La kwanza haliondoki, wala halipaswi kufichwa. Lakini istilahi *mtumwa* imewahi kutumiwa kwa mashine inayotii mashine nyingine bila watetezi wake kuona haya, na kipande kina angalau heshima ya kumkumbuka aliyefanya kazi.

Kwa kitenzi, *kukabidhi* kunafaa kuliko vingine vyote. Makabidhiano huhitaji pande mbili. Aliyekwisha kukabidhi ofisi hana tena haki ya kuitumia, na hawezi kuikabidhi mara ya pili. Aidha, kitenzi hiki huruhusu ngazi mbili ambazo mfumo unazidai: kipande hukabidhiwa kwa kazi, na kazi hukabidhiwa kwa msomaji. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala kati ya matoleo mawili ya utaratibu wa Hadoop. Katika la kwanza, vipande hukabidhiwa kwenye folda ya kati na kuhamishwa vyote mwishoni. Katika la pili, kila kipande huhamishwa moja kwa moja hadi folda ya wazi. La pili ni la haraka, lakini kazi ikivunjika katikati, msomaji hukuta nusu ya matokeo yamekaa mahali pa matokeo kamili. Kwa Kiswahili cha *kukamilisha* matoleo hayo mawili hayatofautishiki. Kwa Kiswahili cha *kukabidhi* tofauti husemeka kwa pumzi moja: la pili linamkabidhi msomaji kabla kazi haijakabidhiwa.

Hifadhi za mtandaoni kama S3 ya Amazon huthibitisha hitaji hilohilo kwa njia nyingine. Huko kulihamisha faili ni kulinakili kisha kulifuta, si tendo moja. Ndiyo maana taratibu mpya hupakia sehemu za faili mapema bila kuonekana, na amri ya kuziunganisha hutolewa tu wakati wa kukabidhi kazi nzima. Mzigo umefika ghalani, funguo bado.

Kitenzi hiki nacho kina kasoro. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kushika, na msomaji wa Koboko mwenye sikio la Kinubi huenda akasikia kushika kabla ya kutoa. *Kutangua* hakuna tatizo hilo. Aliyewahi kutanguka udhu anajua kwamba kilichotanguliwa huanzwa upya, na hakirekebishwi kilipoishia, kama ifanyavyo mashine kwa jaribio lililoshindwa.

Linalobaki bila jina la kuridhisha ni lile jaribio la pili linaloanzishwa kwa shaka tu, kabla la kwanza halijashindwa. *Jaribio la akiba* linadokeza kitu kilichowekwa kikisubiri, ilhali hili linakimbia tayari. *Jaribio la tahadhari* linakaribia, ingawa ni refu kwa mwalimu mwenye chaki mkononi, na *jaribio pacha* linasahau kwamba mmoja wa mapacha hao amezaliwa ili huenda afutwe.