Kaseja na Hesabu ya Mita 11

Tarehe 19 Mei 2018 Rais John Magufuli alikuwa Uwanja wa Taifa kuwakabidhi kombe Simba, mabingwa ambao hawakuwa wamepoteza mchezo wowote wa ligi msimu ule. Kagera Sugar, waliotoka Bukoba, ng'ambo ya ziwa ukiwa Mwanza, wakawatibulia rekodi kwa bao 1-0. Dakika za mwisho Simba wakapata penalti. Emmanuel Okwi akapiga, kipa wa Kagera, Juma Kaseja, akapangua.

Wengi waliiita bahati. Tupige hesabu.

Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa humaliza mita 11 za penalti kwa takribani sekunde 0.4. Kipa mrefu akichelewa kidogo, mkono wake bado unaweza kufika jirani na mlingoti. Kaseja hakujaliwa kimo hicho. Kwa kipa mfupi, kuruka mapema ni kumwachia mpigaji upande mtupu, na kuchelewa ni kuufuata mpira wavuni. Kinachobaki ni kumsoma mpigaji kabla hajaugusa mpira: anavyoujia, nyonga zinavyofunguka, na mguu wa kusimamia, ambao mara nyingi huelekea kule mpira uendako. Kwa Okwi alikuwa na ziada moja: waliwahi kuvaa jezi ya Simba pamoja.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2003, akiwa bado kijana, alikaa langoni Cairo Simba ilipowavua Zamalek ubingwa wa Afrika. Kila upande ulishinda 1-0 nyumbani kwake, kisha Simba ikapita kwa penalti 3-2.

Baada ya kuondoka Simba mwaka 2013 alipita Yanga na Mbeya City, na wapo waliodhani amekwisha. Kagera Sugar ndiyo iliyomrudishia dakika za kucheza. Uwanja wake wa Kaitaba, kama Nyamagana wa Mwanza, una nyasi bandia; mpira uliodunda mbele ya kipa huteleza na kuongeza kasi. Anayesubiri kuudaka kwa mikono pekee huumbuka. Inabidi miguu itangulie, mwili ukae nyuma ya mpira.

Miguu hiyo ilimfaa mwaka 2019, aliporejea timu ya taifa, Taifa Stars, akitokea klabu ya KMC. Juni mwaka huo sheria ililegezwa: kipa akatakiwa kubakiza walau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari wakati penalti inapigwa. Kwa kipa mfupi, hatua moja ya kusukumia mwili ni mali. Agosti, Stars iliitoa Kenya kwa penalti 4-1 Kasarani. Septemba ikaitoa Burundi kwa penalti 3-0 Dar es Salaam, wageni wasifunge hata moja.

Mwaka 2022 akawa kocha wa makipa wa Taifa Stars, na mwaka 2025 Kagera Sugar, klabu iliyoshuka daraja mwaka huohuo, ikamkabidhi ukocha mkuu. Uteuzi huo una mantiki ya kiufundi. Kimo hakifundishwi, lakini kusubiri, kusoma nyonga na kupanga miguu vinafundishika, tena kwa mazoezi ya kila siku. Vijana wa Kanda ya Ziwa wanaokataliwa langoni kwa sababu ya ufupi wanahitaji mwalimu aliyeyapitia hayo, na klabu za Mwanza zinapaswa kuwapeleka makipa wao wakamwone akifundisha.