Dola 1 inarudisha 4, lakini inarudi kwa nani?

Kama umewahi kukaa kwenye semina ya afya ya akili kazini, hii slaidi unaijua: wekeza dola 1, utapata dola 4. Bosi anaitikia kwa kichwa, watu wa rasilimali watu wanapiga picha, halafu chai. Namba yenyewe haijatungwa. Inatoka kwenye utafiti wa Dan Chisholm na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet Psychiatry. Shida ni kwamba hausemi kile ambacho slaidi inadai.

Hebu tuufungue. Watafiti hawakufuatilia kampuni yoyote. Walichukua nchi 36 na kukadiria nini kingetokea kama matibabu ya sonona na wasiwasi, yaani dawa na tiba ya mazungumzo, yangewafikia watu wengi zaidi kati ya 2016 na 2030. Ukihesabu faida ya kiuchumi peke yake, watu kurudi kazini na kufanya kazi vizuri, kila dola inarudisha kati ya 2.3 na 3. Ili ufike kwenye nne inabidi uongeze thamani ya afya yenyewe, ile miaka ambayo mtu anaishi akiwa mzima, ukaigeuza kuwa fedha. Thamani hiyo ni halisi kabisa, ila haiingii kwenye akaunti ya kampuni. Inabaki kwa mgonjwa na watu wa nyumbani kwake. Hesabu ile ni ya nchi, si ya ofisi.

Sasa ofisini kukoje? Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilifanya jambo ambalo waajiri wachache huthubutu: kiliwagawa wafanyakazi wake karibu 5,000 kwa bahati nasibu, wengine wakaalikwa kwenye programu ya ustawi (ya afya kwa ujumla, si akili peke yake), wengine wakaachwa. Matokeo ya 2019 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja gharama za matibabu hazikushuka, wala utoro kazini haukubadilika kwa kiwango cha kuonekana. Kilichopanda ni imani ya wafanyakazi kwamba mwajiri anajali afya yao! Na ukilinganisha tu waliojiunga na wasiojiunga, kama ripoti nyingi za kampuni zinavyofanya, programu inaonekana imefanya maajabu. Kumbe waliojiunga walikuwa na afya bora tangu mwanzo.

Uingereza nako, William Fleming wa Oxford alichambua majibu ya wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233. Waliotumia programu za simu, mafunzo ya kuhimili msongo na mengine ya aina hiyo hawakuwa na hali bora kuliko wenzao. Kazi za kujitolea tu ndizo zilionekana tofauti. Hili si jaribio la bahati nasibu, kwa hiyo usilibebe kama msahafu, lakini linaelekea kulekule.

Tunachokijua vizuri zaidi ni kinachoumiza. Utafiti wa Whitehall II, uliofuatilia watumishi wa serikali ya Uingereza kwa miaka mingi, ulikuta wenye usemi mdogo juu ya kazi zao wanaugua moyo zaidi. Ndiyo maana miongozo ya WHO ya 2022 inataka pia kazi yenyewe irekebishwe na wasimamizi wafundishwe, si mfanyakazi kupewa ushauri tu. Kugusa ratiba za zamu, mzigo wa kazi na madaraka ya meneja ni kugumu kuliko kumwita mtoa mada mara moja kwa mwaka.

Nakubali, lugha ya faida imefungua milango iliyokuwa imefungwa. Ila kuna mahali inakwama vibaya. Kama tangazo moja la kazi linaleta maombi mia tano, hesabu ya faida inaweza kumwambia mwajiri, bila aibu, kwamba kumbadilisha mtu ni rahisi kuliko kumsaidia. Kwenye kofia ya kinga hatukubali hesabu hiyo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mkaguzi akija hakuulizi kama kofia inalipa.

Kwa hiyo slaidi ile ikirudi, nyoosha mkono. Uliza nne hizo zinaingia mfukoni mwa nani, halafu uliza nani amepunguziwa zamu.