Wapika Pilipili wa Rusimbi

Mlaji wa mgebuka wa kukaanga pale Rusimbi, Kigoma, husifu samaki, husifu ziwa, hata mawese huyasifu. Pilipili iliyomtoa jasho huiita kali, basi. Aliyeipika hatajwi.

Kazi yake huanza kwa kung'oa vikonyo, kimoja kimoja, kwenye pilipili mbuzi zilizoiva. Huziosha, huzitwanga pamoja na kitunguu saumu na chumvi, kisha huzikaanga polepole kwenye mawese. Hapo ndipo moshi hushika koo. Jirani hukohoa, watoto hufukuzwa jikoni. Vidole huwaka hadi usiku, na maji hayasaidii sana, kwa kuwa kapsaisini, kemikali inayoleta ukali, huyeyuka kwenye mafuta. Mzoefu hujisugua mafuta kwanza, ndipo sabuni. Mama anayenyonyesha ana mtihani wake mwingine, nadhani sina haja ya kuueleza.

Mwaka 1912 Mmarekani Wilbur Scoville alibuni kipimo cha ukali kilichotegemea ndimi za waonjaji kadhaa. Huku muonjaji ni mpishi mwenyewe, na kila chungu lazima akionje: chumvi imekolea? Ukali haujafunika harufu ya tunda? (Ukali usio na ladha, kwa maoni yangu, ni ubabe tu.) Bado kuna chupa za kuchemsha na kukausha, maana maji yakibaki ndani, ukungu hauchelewi.

Chupa ikiisha, ioshe umrudishie. Na akitaja bei, lipa bila kumpunja.